Kiti Chetu Tukilipie Wenyewe

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa Tononoka, mbele ya wenye maduka ya franchaizi, yaani maduka yanayoendeshwa kwa jina na mkataba wa kampuni nyingine, wa Mombasa, Kwale na Kilifi. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika.

Mabibi na mabwana, wazee wangu, akina mama, vijana, asalaam aleikum. Hamjambo?

Mbona sauti za watu wachache? Hamjambo?

Haya. Najua leo ni Jumamosi, na Jumamosi kwa mwenye duka si siku ya kukalia viti vya plastiki na kusikiliza hotuba. Kila mmoja hapa simu yake inatetemeka mfukoni, kuna kijana dukani anauliza gesi imeisha, tufanyeje. Basi sitazunguka. Nimekuja kuwaomba jambo moja: tuwe na chama chetu, wenye maduka peke yetu, na gharama zake zote tuzibebe sisi, mpaka maji ya kunywa.

Hapa ndani naona wauza kuku, wa pizza, wenye vituo vya petroli, wa vifurushi, na mama mmoja wa shule ya chekechea. Biashara ni mbalimbali, lakini hali yetu ni moja. Jina lililoandikwa juu ya mlango ni la mtu mwingine. Kodi ya jengo, stima, mishahara, leseni ya kaunti na mkopo wa benki ni vyako. Mwenye jina nitamwita kampuni. Sisi nitatuita wenye maduka.

Nianze na hesabu, maana mtu akishaielewa hesabu hii hahitaji kuhubiriwa.

Kampuni inakula kwenye mauzo. Wewe unakula kwenye faida. Tuseme duka lako limeuza milioni moja mwezi huu. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina, ni asilimia 6, hizo ni shilingi 60,000. Mfuko wa matangazo ni asilimia 4, hizo 40,000. Laki moja imeshaondoka kabla hujamlipa hata mfagiaji. Sawa, ulitia saini, hulalamiki. Mwezi unaofuata kampuni inaleta ofa: nunua kimoja, cha pili bure. Foleni inatoka nje ya mlango. Unauza milioni moja na nusu. Kampuni imepata laki na nusu, na huko makao makuu wanapongezana. Na wewe? Mafuta ya kukaangia yamekwenda, kuku wamekwenda, vijana wamefanya ovataimu, na ukifunga hesabu unaona umebaki na kidogo kuliko mwezi uliokuwa duka kimya.

Nani kaiba? Hakuna aliyeiba. Ndivyo mkataba ulivyoandikwa. Wao wanahesabu kinachoingia, wewe unahesabu kinachobaki, na ofa moja inaweza kumnenepesha mmoja ikamkondesha mwingine.

Msidhani ni maneno ya Mombasa tu. Huko Marekani, Novemba 2009, chama cha wenye maduka ya Burger King kiliipeleka kampuni mahakamani. Kisa? Baga moja yenye nyama mbili na jibini, kwa dola moja. Wenye maduka walisema kuitengeneza tu inawagharimu kama dola moja na senti kumi. Yaani kila mteja aliyetoka akishukuru, mwenye duka alikuwa amemwongezea senti kumi kutoka mfukoni mwake! Mahakama haikuwapa walichotaka. Jaji alisema kampuni ina haki ya kuweka bei ya juu kabisa ya kuuzia. Lakini sikilizeni yaliyotokea kando ya mahakama: mwaka 2010 bei ya baga ile ikapandishwa, na mwaka 2011, kampuni ikiwa na wenyewe wapya, kesi ikamalizwa kwa kuelewana.

Sasa niwaulize. Mwenye duka mmoja, wa mji mmoja, angemlipa wakili gani kwa ugomvi wa senti kumi? Hakuna wakili wa kesi hiyo. Senti kumi ya duka moja ni kelele. Senti kumi ya maelfu ya maduka ni kesi.

Turudi nyumbani. Nitawapa visa viwili, na wenyewe wamo humu, wameniruhusu.

Cha kwanza ni cha Ramadhani. Mkaguzi kutoka makao makuu alikuja na ndege ya asubuhi, akaingia duka la ndugu yetu pale Mwembe Tayari saa saba mchana. Mwezi mtukufu umefika katikati. Akakuta vijana wawili wamekaa, mashine ya kukaangia imezimwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Akatoa tableti yake, akaanza kutia alama nyekundu. Duka halina wateja. Mafuta hayajapashwa moto. Mfanyakazi ameegemea kaunta. Ndugu yetu akamwambia kwa adabu, "Bwana, nakuomba urudi saa mbili usiku." Hakurudi, ndege yake ilikuwa ya jioni. Angerudi angekuta foleni imepita duka la simu, imemfikia muuza mahamri, na vijana wanne hawana hata nafasi ya kujifuta jasho.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya onyo.

Ndugu yetu akajibu, akaeleza. Akaambiwa saa za kazi ni zile zile nchi nzima. Akaeleza tena. Akaambiwa asitafute visingizio. Ndipo akawapigia wenzake watatu wa jina lile lile, wa Bamburi, wa Likoni na wa Malindi. Kila mmoja akatoa ripoti ya mashine ya mauzo, saa kwa saa, mwezi mzima. Wakaziweka pamoja, wakaandika barua moja yenye saini nne. Mchana mstari wa mauzo uko sakafuni, baada ya futari unagonga dari, duka baada ya duka. Mwaka uliofuata maduka ya Pwani yakapewa saa zao za Ramadhani, na ukaguzi ukahamia usiku.

Mmeona kilichobadilika? Ukweli haukubadilika. Mchana ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Malalamiko ya duka moja yaliitwa kisingizio, takwimu za maduka manne zikaitwa ushahidi. Na kampuni, niwe mwadilifu, haikuwa na ubaya. Haikuona tu. Mtu aliyeko ghorofa ya tisa Nairobi atajuaje Mwembe Tayari kulivyo saa saba mchana wakati wa mfungo?

Cha pili ni cha duara. Hiki ndicho ninachokipenda, na mkicheka chekeni.

Dada yetu mmoja ana duka Nyali, karibu kabisa na bahari. Mkataba wake unamlinda: kampuni haitafungua duka jingine ndani ya kilomita mbili. Alitia saini akiwa na furaha, kilomita mbili si haba. Muda ukapita, duka la pili la jina lile lile likafunguliwa upande wa bara, mita chache tu nje ya mpaka. Wateja wa jioni wakagawanyika. Akaenda kulalamika. Wakamfungulia ramani kwenye kompyuta, wakamchorea duara. "Mama, angalia, tuko nje ya duara lako."

Akaiangalia ile ramani. Nusu ya duara lake iko ndani ya Bahari Hindi.

Jamani, samaki wananunua kuku?

Aliyeuandika ule mkataba alifikiria Nairobi, mahali ambapo ukisimama una watu mbele, nyuma, kulia na kushoto. Sisi huku mtu wa ufukweni amelindwa dhidi ya pweza. Na wa Likoni ana shida ya kinyume: kwenye ramani yuko karibu sana na kisiwa, lakini mteja wake akitaka kuvuka anapanga foleni ya feri, na feri ikiharibika Likoni imekuwa nchi nyingine. Kilomita ya Likoni si kilomita ya Bamburi.

Dada huyu alipambana peke yake akachoka, mpaka siku moja harusini alipokutana na mwenye duka wa Diani, kisa kile kile, nusu ya duara iko majini. Kumbe hata wa Mtwapa. Watu watatu, kampuni moja, tatizo moja, na kwa miaka kila mmoja aliamini ni bahati yake mbaya. Barua yao ya pamoja haikulifunga lile duka la pili. Hilo lipo mpaka leo, sitawadanganya. Ila mikataba mipya ya jina lile Pwani sasa inataja mitaa na barabara badala ya duara. Aliyefaidika ni anayeingia leo. Waliopigana walipata nusu ya haki, na walikuta watu wa kupigana nao kwa sababu tu mtu aliolewa.

Tungoje harusi ngapi?

Sasa nije kwenye neno "huru", maana hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu. Wako watakaosema: sisi tayari tuna baraza la ushauri, kampuni imetuundia, tunakutana kila mwaka. Naliheshimu baraza. Nimekaa kwenye moja. Nikwambieni lilivyo.

Hoteli nzuri, kampuni inalipa. Fulana zina nembo, kampuni inalipa. Wajumbe wamechaguliwa na nani? Kampuni. Ajenda imeandikwa na nani? Kampuni. Asubuhi yote tunaonyeshwa picha za bidhaa mpya. Mchana, baada ya biriani, zinabaki dakika ishirini za "maoni ya washirika". Mwaka mmoja mzee mmoja alitumia dakika zile kuuliza kwa nini tunalazimishwa kununua vifungashio kwa mtu mmoja tu, tena kwa bei iliyo juu kuliko ya soko la Kongowea. Alijibiwa kwa tabasamu. Mwaka uliofuata kiti chake alikalia mtu mwingine.

Baraza lile si baya kwa kupashana habari. Lakini je, mtu aliyelipiwa chumba, chakula na tiketi atasimama amwambie mlipaji kwamba bei zake zinatuumiza? Atasimama mara moja tu, basi.

Tazameni walikotutangulia. Marekani chama kikubwa cha sekta hii, IFA, kilianzishwa 1960, na kilikuwa cha kampuni zenye majina. Wenye maduka walifunguliwa uanachama mwaka 1993. Mwaka mmoja kabla, 1992, kilikuwa kimeanzishwa chama kingine, AAFD, kwa ajili ya wenye maduka. Sisemi hili lilileta lile. Nasema tazameni tarehe.

Na kuhusu mfuko wa matangazo, ile asilimia 4 yetu, wenye maduka ya KFC huko huko Marekani waligombana na kampuni juu ya nani mwenye kauli kwenye matangazo. Walikuwa na baraza lao la taifa, na wajumbe wengi wake walikuwa wenye maduka. Mwaka 2011 mahakama ya jimbo la Delaware ikawapa ushindi wenye maduka. Waliweza kwa sababu wingi wa viti ulikuwa wao. Niambieni, ni nani hapa amewahi kuona hesabu za mfuko wa matangazo anaochangia? Inueni mikono.

Naam. Naona mkono wa mpiga picha tu, na yeye anarekebisha kamera.

Najua kinachowakalisha kimya. Ni hofu. Mtu ananinong'oneza, "Wakijua nimejiunga, hawatanifutia mkataba?" Swali hili halistahili kuchekwa, mtu ameweka nyumba ya familia rehani kwa ajili ya duka lile. Kwa hiyo nijibu bila kupamba.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 36, inampa kila mtu haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Hicho hicho kinasema mtu asilazimishwe kujiunga, na ndiyo maana hakuna atakayeufunga mlango huu mpaka mjiandikishe. Lakini Kenya hatuna sheria mahususi ya franchaizi. Australia wana kanuni yao tangu 1998, na kampuni hairuhusiwi kumzuia mwenye duka kuunda chama au kujiunga nacho. Afrika Kusini, sheria yao ya kulinda watumiaji inampa anayeingia siku kumi za kazi baada ya kutia saini ajirudi bila kutozwa. Sisi huku kilichopo ni mkataba uliotia saini na sheria za kawaida za mikataba. Kwa hiyo nendeni mkasome kipengele cha kuhuisha mkataba. Kukufuta katikati bila sababu si rahisi. Kukuacha muda ukaisha bila kukuhuisha ni rahisi mno. Hatari iko hapo, na dawa yake ni wingi: barua itoke na saini ya mwenyekiti kwa niaba ya chama, na daftari la wanachama likae kwa katibu na wakili, lisibandikwe ukutani.

Yako mambo chama hakitafanya. Kikao kilichopita kijana mmoja, mwenye nia njema, alisimama akasema, "Basi tukubaliane sote chipsi ziuzwe bei moja." Nilimkatiza palepale, na leo nasema mbele yenu wote: la, hasha. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na ina kifungu kinachovitaja vyama vya wafanyabiashara waziwazi. Hata chama kuwapendekezea wanachama bei ya kuuzia ni kosa. Adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 10, au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Tutazungumza mikataba, mafunzo, bima, ukaguzi, mfuko wa matangazo. Bei ya chipsi kila mtu akaamue kwake.

Na chama hakitalifufua duka lililofunguliwa mahali pabaya. Hiyo kazi ya Mungu.

Mmeniuliza pia: kiwe chama cha kila jina peke yake, au cha wote? Mimi niko upande wa wote, na sababu yangu iko kwenye historia ya mji huu. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa karibu wiki mbili. Waligoma makuli wa bandarini, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, watumishi wa majumbani, maelfu kwa maelfu. Chama chao, African Workers' Federation, hakikuwa cha kazi moja. Nguvu yake ilikuwa hiyo. Sisi si wafanyakazi, ni waajiri, na wengine humu vijana wao wana malalamiko yao, tusijifanye watakatifu. Lakini muuza kuku na mwenye kituo cha petroli wakikaa pamoja, kampuni ya kuku haiwezi kumtisha wa petroli.

Kisa kile kina upande wa pili ambao watu hawapendi kuutaja. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa Kabarnet, mbali na wafuasi wake, na chama kikadhoofika haraka. Kwa hiyo naomba katiba yetu iwe na ukomo wa vipindi vya uongozi, naibu anayeijua kazi, na akaunti ya benki yenye saini tatu. Nikianguka mimi leo pale Makupa, barua ya kesho itoke kama kawaida.

Nimalizie na pesa. Mkono mtupu haulambwi. Wakili halipwi kwa dua. Pendekezo ni ada moja kwa kila duka, si kwa kila mtu, ili mwenye maduka matano alipe zaidi ya mwenye moja, lakini kura ibaki moja kwa kila mwanachama. Hapa wapo watakaonuna, najua, mtanuna kwenye kikao cha kupitisha katiba. Na zawadi ya kampuni isipokewe: si hema, si fulana, si soda.

Msajili wa Vyama anataka angalau watu kumi. Nikiwatazama, tumevuka zamani. Kwenye meza ya nyuma pana rasimu ya katiba na fomu. Chukua, nenda nayo nyumbani, isome na mwenzako wa ndoa, maana saini ya benki ni yenu wawili. Wa Diani na Ukunda, kuna dada kwenye meza ya kushoto atakayewakusanya huko huko msilazimike kuvuka feri kwa kila kikao. Wa Mtwapa mpaka Malindi vivyo hivyo, mtafuteni mzee mwenye kofia ya kijani.

Na jambo la mwisho, tafadhali sana: mkataba wako usiupige picha ukautuma kwenye kundi la WhatsApp. Mingi ina kipengele cha siri, na kukivunja ni kuwapa sababu wanayoitafuta. Ukitaka uangaliwe, mwone wakili aliyeketi pale dirishani. Atakuwapo mpaka saa saba.